Dakika Nne za Kumlilia Ngamia

Kwa aliyekuwa safarini wiki jana, haya ndiyo yaliyompita. Mimi Keynan, muuza vifuniko vya simu wa Garissa mjini, nilipakwa hina kidevuni nikaigiza mzee mfugaji katika filamu ya ukame. Nikamlilia ngamia aliyekufa kwa dakika nne mfululizo. Nairobi wakanipa tuzo ya mwigizaji bora, nikapanda jukwaani na suti ya kuazima.

Na Mzee Kerrow wa Griftu, aliyeninyima binti yake Hani kwa miaka miwili kwa sababu hakuelewa kazi yangu ni kazi gani, akasikia neno "bora" likitajwa pamoja na jina langu. Akatuma ujumbe kwamba anakuja Garissa kuiona hiyo filamu kwa macho yake, na akishaiona atatoa jibu.

Hapo ndipo nilipowaacha mkinipongeza. Pongezi zenu zirudisheni mfukoni kwanza.

Lazima mjue kwamba mji ulikuwa umegawanyika. Kipande cha mimi nikilia kilikuwa kimeenea kwenye simu zote, kuanzia soko la mifugo mpaka mabweni ya chuo. Kilikuwa kipande cha uso wangu na bega langu tu, lakini kiliwatosha. Wakazuka Watu wa Machozi, waliosema kitu kama kile hakijapata kuonekana. Wakazuka na Watu wa Chumvi, waliosema nimeitia ile filamu chumvi mpaka haiingii mdomoni.

Mkuu wa Machozi alikuwa Mwalimu Abdirahim, mstaafu aliyefundisha nusu ya mji huu, mimi nikiwemo. Kila asubuhi kwenye kibanda cha chai aliegemeza simu yake kwenye bakuli la sukari, akaicheza ile sehemu, akaisimamisha pale bega langu la kushoto linaposhuka.

"Tazameni bega," alisema. "Ukame wote umo kwenye bega hilo."

Wateja walitazama bega, chai ikawapoa.

Mkuu wa Chumvi alikuwa Saynab, anayeuza maziwa ya ngamia nje ya kibanda hichohicho. Saynab hakuhitaji kutazama mara mbili. Mwandishi mmoja wa gazeti alipokuja kutoka Nairobi na kumuuliza, alimjibu kwa Kiswahili chake bila kuacha kumimina maziwa.

"Mimi ngamia yangu thalathini na moja nakufa. Mimi silii hifi. Mimi nasema inna lillahi, nauliza ile nabaki iko wabi. Huyu kijana analia kama mlango imefinya yeye kidole."

Yote yakaandikwa gazetini, chini ya picha yangu. Nilinunua nakala tatu.

Sheikh naye hakunitaja. Ijumaa ile alizungumza tu kwa kirefu kuhusu ubaya wa kuomboleza kwa makelele, na safu nzima ikageuka kunitazama. Vijana wa mtaani walinisalimia kwa heshima, kisha wakaniambia, "Buda, ungelia nusu ya hiyo bado ungebeba award."

Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa yeyote aliyeniagizia chai. Hina ya ndevu niliendelea kuipaka ingawa filamu ilikuwa imekwisha zamani, ili wasionijua wanijue. Redioni waliponiuliza siri ya yale machozi, nikashusha sauti nikasema nilikuwa namkumbuka ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu. Ayeeyo yuko hai. Redio pia anayo. Aliyonifanyia jioni ile hayaandikiki gazetini.

Mtu mmoja tu katika Garissa hakuwa amekitazama kile kipande, naye ni Hani. Anafundisha darasa la tatu hapa mjini na anaishi kwa shangazi yake. Nilimbembeleza akitazame, akakataa. Alisema ataiona filamu nzima siku moja na baba yake, kwa sababu akiiona peke yake atanitetea hata pasipo sababu. Nilidhani hayo ni mapenzi. Sasa naona yalikuwa akili pia.

Mzee Kerrow alifika Jumatano. Ni mtu mwembamba, ana bakora, na ndevu zake za hina ni za haki. Nilimpokea kwa mikono miwili nyumbani kwa shangazi yake Hani, nikamwita adeer, yaani baba mdogo, kama inavyompasa kijana mwenye shida. Akanitazama kidevuni. Akazigusa ndevu zake polepole, kama anayehakikisha hazijaibwa.

Tulikunywa chai. Akauliza habari za mvua, bei ya mbuzi, afya za watu ambao wote walikuwa wazima. Mimi nilikuwa nangoja swali, na swali likaja akiwa anaweka kikombe chini. Alisema kwa Kisomali, nami nawatafsiria bila kupunguza.

"Wanasema umeshinda kwa kulia."

"Ndiyo, adeer."

"Na huyo ngamia hakuwa wako."

"Hakuwa wangu. Ni kazi tu."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Basi nisaidie, maana mimi sikusoma. Kama ulilia vizuri, wewe ni mwongo hodari. Kama ulilia vibaya, wewe ni mwongo asiyejua kazi. Binti yangu nimpe yupi kati ya hao wawili?"

Hani alikuwa mlangoni na birika la chai. Aliinamisha uso, sijui kwa huzuni au kuficha kicheko. Mimi nilijibu kwamba filamu itaonyeshwa kesho baada ya alasiri na atajionea mwenyewe. Ndilo jibu la mtu asiye na jibu.

Sasa sogeeni karibu, kwa sababu hili sikulisema redioni.

Ile sehemu tuliipigia karibu na Modogashe, mwishoni mwa ule ukame mrefu. Mwelekezi wa filamu, mwanamke wa Nairobi mwenye haraka zake, alitaka ngamia mkongwe. Akasema wewe ndiye Msomali hapa, tafuta. Jamani, mimi nimezaliwa nyuma ya duka. Ngamia nilimjua kwa nyama na maziwa tu. Lakini mtu haambiwi wewe ndiye Msomali hapa kisha akajibu kwamba ngamia anamwogopa.

Nikampata kwa mzee mmoja anaitwa Olow, mwenye birika la kunyweshea mifugo kando ya barabara. Alikuwa ni ngamia jike mzee, amekuja mwenyewe wiki kadhaa nyuma, mifupa mitupu, hana mchungaji. Olow alinionyesha chapa ya moto kwenye shingo yake.

"Chapa hii ni ya watu wa upande wa Griftu," aliniambia. "Nimetuma habari kwa malori mawili, sijajibiwa. Mchukueni kwa siku moja. Lakini kwanza mpeni maji, maana leo hajanywa. Kisha nawe peleka habari."

Kwetu ngamia aliyepotea si mali ya aliyemwokota. Chapa yake ni barua, na kila anayeisoma ana deni la kuifikisha mbele, kwa lori, kwa mchungaji, kwa simu, mpaka imfikie mwenyewe. Hata mtoto wa chekechea wa Griftu anajua hivyo. Nilimwambia Olow nitafanya yote mawili. Sikufanya hata moja. Griftu ina watu wengi, nilijiambia, nianze na nani?

Tulipofika mahali petu, mwelekezi alisema jua liko vizuri, nusu saa ijayo litakuwa limeharibika. Nikatazama birika la Olow, lilikuwa mbali kidogo. Nikasema, "Atakunywa baadaye." Neno hilo nililisema mimi. Msimsingizie yule mama wa Nairobi.

Tukamlaza, tukamfunga miguu kwa kamba asiinuke, nikaanza kulia. Mara ya kwanza nililia kama mtu anayepiga chafya. Mara ya pili mpiga kamera alicheka mpaka akaomba radhi. Mara ya tatu mwelekezi aliniuliza kama nimewahi kumpoteza mtu yeyote ninayempenda, na nikakumbuka tu kwamba sikuwa nimekula.

Mara ya nne niliweka kiganja kwenye shingo ya yule ngamia. Shingo ikashuka taratibu ikalala mchangani. Chini ya kiganja changu kulikuwa na kitu kilichokuwa kinapiga, kikaacha.

Kamera ilikuwa inaendelea. Mimi nilikuwa najua jambo moja tu, kwamba hakuwa amekunywa. Nikalia. Nililia kwa aibu, na aibu ile ilinishika mpaka magotini, na ningeendelea mpaka magharibi kama mwelekezi hangepiga kelele za furaha na kumkumbatia mpiga kamera.

Kwa hiyo Watu wa Machozi wamekosea, na Watu wa Chumvi nao wamekosea. Katika filamu nzima, dakika nilizopewa tuzo ndizo dakika pekee ambazo sikuigiza. Ningesema hivyo wapi? Mwigizaji bora asiyeigiza ni mtu wa kunyang'anywa kikombe. Na Olow nilipomwambia ngamia amekufa kwa uzee, alizitazama zile kamba, akasema inna lillahi, akaenda zake.

Haya, turudi ukumbini.

Ulikuwa ukumbi wa shule moja hapa mjini, mapazia yamefungwa na joto limefungiwa ndani pamoja nasi. Wanaume kulia, wanawake kushoto. Ndani ya wanaume na ndani ya wanawake, Machozi walikaa na Machozi, Chumvi na Chumvi. Saynab alikuja na mto wake wa kukalia, dalili kwamba amekuja kustarehe. Mwalimu Abdirahim alipewa dakika mbili za kufungua shughuli, akachukua kumi na tano, na bega likatajwa mara sita.

Mzee Kerrow aliketi safu ya mbele, bakora katikati ya magoti. Mimi nilikaa kando yake. Filamu sikuitazama kabisa, nilimtazama yeye. Nilipotokea ukutani na ndevu zangu, mtu mmoja nyuma akauliza huyo ni babu wa nani, watu wakacheka. Mzee Kerrow hakucheka. Alikuwa anatazama mbuzi waliokuwa nyuma yangu, na midomo yake ilikuwa inawahesabu.

Zile dakika nne zikafika. Uso wangu ulikuwa mkubwa kama mlango wa ghala, na machozi yalikuwa yanashuka ndani ya hina. Upande wa Machozi nikasikia watu wakivuta makamasi. Upande wa Chumvi nikasikia kikohozi kimoja cha kejeli, na sikuhitaji kugeuka kujua ni cha nani. Bega likashuka. Kisha kamera ikarudi nyuma kidogo, tofauti na kile kipande cha simu, na ngamia akaonekana mzima, kichwa mpaka mkia.

Mzee Kerrow aliinua bakora. "Irudishe."

Ujumbe ukapita hadi kwa mwenye projekta, filamu ikarudishwa.

"Isimamishe hapo."

Ikasimama. Nilidhani ni bega. Naapa kwa Mungu nilidhani ni bega, nikajiweka sawa kwenye kiti ili nipokee sifa.

Mzee alitembea mpaka ukutani. Kivuli chake kilinifunika uso wangu wote wa filamu. Akaweka ncha ya bakora kwenye shingo ya ngamia, juu ya mistari miwili na duara, kisha akaipeleka kwenye sikio la kushoto, lililokatwa ncha. Wazee wote wa safu ya mbele waliinuka kidogo vitini mwao, maana wao chapa huisoma kama sisi tunavyosoma bango la duka.

Aliyesema alikuwa Hani, kutoka upande wa wanawake, na hakusema kwa sauti kubwa.

"Deeqa."

Jina hilo nililijua.

Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa, baba yake humtengea ndama jike wa ngamia, kitovu cha mtoto kikafungwa kwake. Ndama huyo na uzao wake wote huwa wa mtoto huyo mpaka mwisho. Ni desturi ya wavulana. Mzee Kerrow, aliyengoja mtoto kwa miaka tisa, alimpa binti yake ndama, na Griftu ikamcheka mwezi mzima. Ndama akaitwa Deeqa. Hani alinisimulia habari zake siku za mwanzo za kujuana kwetu, jinsi yeye Hani alivyokua kwa maziwa ya Deeqa, jinsi ukame ulivyomtenga na wenzake, jinsi walivyomtafuta kaskazini mpaka karibu na Banissa. Hakuna aliyefikiri kwamba mzee kama yule angeweza kutembea kusini hadi Modogashe. Nilimsikiliza Hani siku ile huku nikitafuta neno tamu la kumwambia akimaliza.

Mzee Kerrow aligeuka. Sasa mistari na duara vilikuwa vimemulikwa kifuani mwake.

"Keynan. Nitakuuliza swali moja tu. Huyu alikufa, au na yeye anaigiza?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajuta.

Wasomaji wangu, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Adeer, alikuwa anaigiza, tulimrudisha kwa mwenye birika, akapotea tena, hiyo ndiyo tabia ya ngamia. Ulikuwa uongo mzuri, una mwanzo na mwisho, na hakuna mtu ukumbini mle ambaye angeweza kuupinga. Ningeondoka na kikombe changu, na mke, na sifa za pande zote mbili za mji. Kilichonizuia ni kwamba niligeuka kumtazama Hani kwanza. Alikuwa amesimama, na mkono wake ulikuwa umefunika mdomo.

"Alikufa, adeer," nikasema. "Alikufa mkononi mwangu. Niliambiwa nimpe maji kwanza, sikumpa. Niliambiwa nipeleke habari za chapa yake, sikupeleka."

Na machozi yakaja. Sikuyaita. Yalikuja yaleyale ya Modogashe, kwa njia ileile, na nikahisi bega langu la kushoto likishuka lenyewe, sina uwezo nalo.

Mwalimu Abdirahim alisimama. Alikuwa analia na yeye, mzee wa watu. Akaanza kupiga makofi.

"Tazameni," alisema. "Tazameni, analirudia bega lile mbele ya macho yetu."

Watu wa Machozi wakainuka wote wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya shughuli. Walidhani mimi na mzee tumepanga. Na kutoka kule kwenye mto wake, Saynab akasema kwa utulivu, kwa Kisomali ili kila mtu aelewe vizuri, "Haya, ameanza tena." Watu wa Chumvi wakavunjika mbavu.

Nilikuwa nimesema kweli mara moja katika mwaka mzima, na nusu ya mji ilikuwa inanipongeza kwa ustadi, nusu nyingine inanicheka kwa kuzidisha. Niliumia. Niliumia kuliko siku zote za kukataliwa, kwa sababu safari hii walikuwa wananikataa mimi mwenyewe, si kazi yangu.

Mzee Kerrow alingoja kelele ziishe. Anajua kungoja. Kisha akageukia upande wa wanawake.

"Hani," alisema. "Ngamia alikuwa wako. Na mtu huyu mimi simjui, wewe ndiye unayesema unamjua miaka miwili. Njoo umtazame uniambie. Analia, au anaigiza?"

Alikuja katikati ya viti, watu wakimvutia miguu apite. Alikuwa ametoka moja kwa moja shuleni, vidole vyake vilikuwa na chaki. Alisimama mbele yangu, karibu nami kuliko alivyowahi kusimama baba yake akiwepo.

Nilijaribu kuacha kulia, ili aone kwamba si mchezo. Nikafikiri, nikiacha ghafla ataona kwamba naweza kuacha nikitaka. Nikaendelea. Nikafikiri, nikiendelea ataona nazidisha. Nikajaribu kuutuliza mdomo, mdomo ukatetemeka, na hata mimi sikujua tena kama unatetemeka wenyewe au naupa msaada. Nilikuwa na uso mmoja tu wa huzuni, na ndio huohuo ulikuwa ukutani nyuma yake.

Hani alinitazama. Akageuka akautazama ule wa ukutani, pamoja na shingo ya Deeqa chini yake. Akanirudia mimi. Ukumbi ulinyamaza, Machozi na Chumvi kwa pamoja, kwa mara ya kwanza.

"Aabo," alimwambia baba yake, "sijui."